Daftari Jekundu, Darasa la Nne

Hili ndilo daftari la makosa.
Nilirithi kwa Mwalimu Mwakio, aliyestaafu
akaniachia na fimbo ya mpera
na neno moja: samaki mkunje angali mbichi.

Januari, ukurasa wa kwanza, mwandiko wangu:
Chengo kamtemea Rukia mate.
Mwarome kapindua dawati.
Dzame hajasema lolote tangu Jumatatu
(hili nalo ni kosa? niliuliza pembeni, kwa penseli).
Shufaa kamng'ata Katana begani,
meno manne, nimeyahesabu.

Watoto sitini na mmoja,
Chaani, kati ya barabara ya malori na yadi ya makontena,
madirisha upande mmoja tu,
jua limekaa juu ya mabati
kama mdai aliyekataa chai.
Uwanja tulikuwa nao. Nusu tukaikodisha
kwa mwenye kontena la kijani, hajaonekana tena;
nusu iliyobaki tukawakataza wasiikanyage,
vumbi lisije likaingia ofisini.

Basi wakakaa.
Wakakaa Hisabati, wakakaa Sayansi,
wakarudi nyumbani wakakaa, chumba kimoja,
mama yuko zamu, simu ndiyo yaya.
Nasi watu wa pwani twalijua tui:
ukilikama asubuhi ukaliacha limekaa,
adhuhuri huna tui.
Limechacha.
Hakuna aliyelifunza tabia mbaya.

Siku ile ya bega la Katana niliinua fimbo,
Shufaa akatoka mbio.
Nikamfuata. Mimi, na buibui langu,
na viatu vya kwendea harusini,
tukalizunguka kontena mara ya kwanza, ya pili,
na nyuma yangu darasa zima limemwagika,
wanapiga kelele, hawajui wanamshangilia nani.

Mzunguko wa nne pumzi ikaniishia.
Niliinama, mikono magotini.
Naye, hatua tatu mbele, ameinama vilevile,
jasho limemchora mistari kwenye vumbi la shavu.
Fimbo sijui niliiangusha wapi.
Akasema, hakuulizwa, katikati ya kuhema:
"Baba kachukua godoro, Mwalimu.
Twalala mkekani.
Hata kwaheri hakutuambia."

Miezi miwili nilimwuliza, we mtoto una nini?
Nilimwuliza akiwa amekaa.
Kumbe yako maneno hulala miguuni,
hayapandi kinywani
mpaka yatikiswe.

Tangu hapo, kabla ya kengele, mizunguko minne.
Mwalimu Mkuu ananitazama dirishani:
wazazi, asema, walileta watoto wasome, si waheme.
Namjibu, wakihema kwanza, wanasoma.
Hajaamini. Ila viatu vyake vya raba
nimeviona chini ya meza.

Sisemi ni dawa.
Mwarome bado anapindua dawati,
lakini sasa huliinua mwenyewe.
Dzame, Alhamisi iliyopita, akiruka kamba,
alihesabu kwa sauti
hadi thelathini na saba,
nasi sote tukanyamaza, kama watu
waliomkuta ndege dirishani.
Na wiki ya mvua ya Mei, siku tano ndani,
daftari lilikula kurasa mbili nzima.
Zamani ningesema watoto wameharibika.
Nilitazama nje, nikaandika juu: Mvua.

Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo.
Lakini mbichi wa jana alikuwa akiogelea,
na hilo Mwalimu Mwakio hakuniambia.

Leo, Ijumaa. Shufaa alikuwa mbele,
Katana nyuma yake, akajikwaa,
goti likachubuka, akaangua kilio.
Shufaa akageuka.
Akarudi.
Akasimama pale, mikono kiunoni, anamngoja,
na mstari wa kumalizia uko palepale, hatua tano.

Daftari hili halina safu ya jambo kama hilo.
Nimeliandika hivyohivyo,
na tarehe,
chini ya Makosa.